Mlinzi wa Kinywa

Katika desturi zetu mgeni aliyeandaliwa chakula hakatai. Hunawa, huketi, hushukuru, hula. Kukataa ni kumvunjia heshima mwenye nyumba, na kuuliza kilichomo chunguni ni kama kumshuku mpishi. Adabu hii ni njema, nami sikusudii kuibeza. Lakini wako vijana miongoni mwenu ambao, wakiifuata pasipo kufikiri, yaweza kuwaua. Basi swali ninalotaka tulipime pamoja, msomaji, ni hili: kijana wa namna hiyo alindwe na nani, na tangu lini ajilinde mwenyewe?

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Mwili wa binadamu una askari wake wa kupigana na maradhi. Kwa watu wengine askari hao hukosea. Hukiona chakula kisicho na dhara kuwa ni adui, wakakishambulia kwa nguvu hata wakamdhuru mwenye mwili. Hali hiyo huitwa mzio, na wengi huiita aleji. Vyakula vinavyoileta mara nyingi ni karanga, korosho na jamii yake, maziwa, mayai, samaki, kamba na kaa, ngano, soya na ufuta. Mwenye mzio aweza kuwashwa na kutokwa na vipele, au kuvimba midomo, au kutapika. Mzio ukiwa mkali, koo husongeka, pumzi huwa ya shida, na shinikizo la damu hushuka hata mtu akazimia. Mwaka 1902 wataalamu wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, waliipa hali hiyo kali jina la anafilaksia, na mwaka 1913 Richet alitunukiwa tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake.

Haya si madaha, wala si uchawi, wala si miiko ya ukoo. Tena, uchache wa chakula haumwokoi mwenye mzio mkali. Upawa uliotoka katika mchuzi wa karanga ukatiwa katika sufuria ya mboga watosha kumletea msiba. Wahenga walisema: maji ya kifuu bahari ya chungu.

Sasa nikusimulie niliyoyaona. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule ya bweni niliyokuwa nikifundisha, alikuja msichana wa Kidato cha Kwanza ambaye mwili wake haukupatana na karanga. Mama yake alimlea kwa uangalifu mkubwa. Alimpikia katika sufuria ya peke yake, akasoma maandishi ya kila pakiti, akamsemea kwa jirani, kwa shangazi na kwa daktari. Siku ya kumleta shuleni aliandika barua akaiacha ofisini. Barua ile ililala katika mtoto wa meza, haikufika jikoni.

Juma la kwanza halijaisha, asubuhi moja uji ulipikwa kwa unga wa mchanganyiko: wimbi, mahindi, soya na karanga. Msichana akapanga foleni na wenzake, akapewa kikombe, akanywa. Kabla ya somo la pili midomo ilikuwa imevimba na pumzi zinamtoka kwa shida. Tulimkimbiza hospitali katika gari la mwalimu mwenzangu; akapigwa sindano ya adrenalini, na kwa rehema ya Mungu akapona. Jioni nilipokwenda kumtazama nilimwuliza kama hakujua kilichokuwamo. Akainama, akajibu: "Nilisikia harufu yake, mwalimu. Nilijua. Lakini nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, nami ni mgeni, niliona haya."

Jibu lile halijanitoka moyoni hata leo. Msichana hakukosa elimu, maana alijua karanga ni adui yake. Alichokosa ni mazoea ya kusema "hapana" kwa kinywa chake mwenyewe. Kwa miaka kumi na minne neno hilo lilikuwa limesemwa na mama. Siku mama alipopanda matatu kurudi nyumbani, neno likaondoka naye.

Je, tumlaumu mama? Mimi siwezi. Aliyewahi kumwona mtoto wake akihangaika kupata pumzi hawezi kumwacha mtoto huyo mbali na macho yake kwa moyo mweupe. Lakini mapenzi yana deni jingine zaidi ya kulinda, nalo ni kufundisha. Mzazi hawezi kuketi bwenini, wala chuoni, wala katika karamu za rafiki za mwanawe. Madaktari wameona kwamba vijana waliobalehe na wale wanaoanza utu uzima ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa mzio wa chakula. Sababu si ngumu kuziona: ndio umri wa kula mbali na nyumbani, wa kuiacha dawa sandukuni, na wa kutaka kufanana na wenzao.

Kwa hiyo ulinzi haufai kukabidhiwa kwa siku moja, kama mzigo unaotupwa langoni mwa shule. Nilimjua mvulana mmoja mwenye mzio wa mayai ambaye mama yake alifanya vingine. Alipokuwa na miaka minane alitumwa dukani, akamwuliza mwuzaji mwenyewe kama mandazi yametiwa mayai, mama amesimama kando kimya. Alipofika kumi alianza kupika, akajua yai hujificha katika vyakula gani. Kwa miaka kumi na miwili alikwenda kwa mjomba wake likizo, dawa mfukoni, na maelezo akayatoa mwenyewe. Kwa daktari alisema yeye, na mama alisahihisha alipokosea. Alipoingia bwenini, usiku wa kwanza aliwaambia waliolala karibu naye: "Mimi sili mayai. Mkiniona nimevimba au nashindwa kupumua, mwiteni matroni mara moja. Sindano yangu iko hapa." Hakuna aliyecheka. Na kama angalikuwako wa kucheka, kicheko si sumu.

Huenda ukanijibu ya kuwa ninamtwika mtoto mzigo wa watu wazima. Pingamizi hilo lina haki yake. Barua iliyolala ofisini lilikuwa kosa letu wakubwa, na hakuna ujasiri wa msichana uwezao kulifuta. Mwaka 2016 binti wa Uingereza mwenye umri wa miaka 15 alikufa baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ndani yake, ilhali karatasi ya mkate haikuutaja. Yeye hakuzembea, waliozembea ni wengine. Tangu Oktoba 2021 sheria ya huko yawalazimisha wauzaji waandike viungo vyote juu ya vyakula vya namna hiyo. Basi mpishi, matroni, mwalimu na mwuzaji kila mmoja ana dhamana yake, na dhamana hiyo haipungui kwa kuwa kijana amejifunza kujitunza. Lakini walinzi wa nje hulala, husahau, hubadilishwa zamu. Mlinzi asiyeondoka ni mwenye kinywa.

Nawe msomaji, kama u mmoja wa vijana hao, jifunze mambo haya kabla ya kudai uhuru wako. Lijue jina la chakula kinachokudhuru na sura zake zote. Uliza kabla ya kula, kila mara, hata kwa mtu uliyemwuliza jana. Na ukikosa jibu la hakika, usile. Kama daktari amekupa sindano ya adrenalini, iwe nawe popote uendapo, nawe ujue kuitumia: hupigwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, upesi, wala vidonge vya kutuliza mwasho havishiki mahali pake. Mwenye kizunguzungu alazwe, asisimamishwe. Anayeshindwa kupumua aweza kuketi. Kisha hospitali ni lazima, hata kama nafuu imeonekana. Zaidi ya yote, waambie wenzako. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kama hu mmoja wao, una kazi vilevile. Usimshawishi mwenzako kwa kusema, "Onja kidogo tu." Usimtilie karanga katika sahani yake ili kumjaribu; mzaha huo waweza kuishia kaburini, nawe ukaishi nao maisha yako yote. Anapouliza kilichomo chakulani, mjibu kwa ukweli. Na ikiwa hujui, sema hujui.

Nirudi kwenye adabu niliyoanza nayo. Mwenye nyumba akuandaliaye chakula anataka nini? Anataka ule upate nguvu, urudi kwenu salama, na siku nyingine uje tena. Basi anayesema kwa upole, "Nashukuru, mama, lakini nina mzio wa karanga, je, mchuzi huu unazo?" hakumtukana mpishi. Amemwepusha na huzuni ya kumwua mgeni wake.

Msichana yule alikaa nasi hadi Kidato cha Nne. Wiki moja baada ya kutoka hospitali nilimwona tena katika foleni ya uji. Alipofika mbele alisimama, akauliza. Wa nyuma wakanung'unika. Akauliza mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi, na mpishi akamjibu.