Zamu ya Usiku: Maadili ya Kukesha katika Ukanda wa Dhahabu

Swali la kama saa za usiku zina wema au ubaya wake zenyewe, au kama wema na ubaya hutokana na anachokifanya aliye macho, ni la kale katika dini na falsafa, lakini ni mahali pachache linapowakabili watu kila siku kama katika mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako migodi mikubwa haizimi mitambo jua linapotua, na wachimbaji wadogo hushuka duarani, yaani katika shimo refu linalofuata mwamba wenye dhahabu, bila kujali kama juu kumekucha. Tangu mgodi wa Geita uanze uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, kizazi kizima kimekua kikijua kwamba baba anaweza kurudi nyumbani wakati watoto wanakwenda shule. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kukesha ni zamu, na kwamba thamani ya zamu hupimwa kwanza kwa usalama wa waliolala, kabla ya kuhesabu kazi iliyomalizwa hadi alfajiri.

Hoja hiyo inakutana mapema na hofu ambayo haifai kupuuzwa. Katika vijiji vingi vya Usukuma, kama ilivyo kwingi Afrika Mashariki, bundi akilia juu ya paa watu hunong'ona, na mtu anayeonekana akitembea peke yake usiku wa manane hudhaniwa kuwa mwizi au mchawi. Hofu hiyo imemwaga damu. Vikongwe wenye macho mekundu, ambayo mara nyingi yamegeuka hivyo kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na kuanzia mwaka 2007 Kanda ya Ziwa ilitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyochochewa na waganga waliowaaminisha wateja kwamba viungo vya binadamu huvuta dhahabu na samaki. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba wengi wa wahanga hao walifuatwa usiku majumbani mwao, ambako walikuwa wamejilalia tu. Aliyekuwa macho ndiye aliyekuwa muuaji, na aliyelala ndiye aliyeshukiwa. Kosa halikuwa la usiku, bali la zamu iliyogeuzwa kuwa mawindo.

Maandiko matakatifu yanayosomwa katika ukanda huu hayana sauti moja juu ya jambo hili, na pengine ndiyo sababu yanafaa kusomwa kwa pamoja. Sura ya 78 ya Kurani inautaja usiku kuwa kama vazi na mchana kuwa wakati wa kutafuta maisha, na msomaji wa haraka angeweza kuhitimisha kwamba mchimbaji wa zamu ya usiku anakwenda kinyume na maumbile; lakini Sura ya 30 aya ya 23 inahesabu miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu usingizi wa binadamu wa usiku na wa mchana pia, pamoja na kuitafuta kwake fadhila, na kwa hiyo inaacha mlango wazi kwa yule ambaye riziki yake imefungwa kwenye saa za giza. Aidha Uislamu unaithamini sana tahajudi, yaani sala ya hiari inayosaliwa katikati ya usiku baada ya kulala. Katika Biblia, Zaburi ya 127 inaona ni bure mtu kuchelewa kulala kwa ajili ya mkate wa taabu, ilhali Zaburi ya 134 inawaita wamsifu Mungu wale wanaosimama usiku nyumbani mwake, na Injili ya Luka inasimulia kwamba habari ya kuzaliwa kwa Yesu iliwafikia kwanza wachungaji waliokuwa wakilinda kundi lao usiku. Ukiyaweka maandiko haya pamoja, kinacholaumiwa ni kukesha kwa wasiwasi wa kulimbikiza, na kinachosifiwa ni kukesha kwa ajili ya mwingine, awe Mungu, jirani au mnyama aliyekabidhiwa.

Inafaa pia kutenganisha usiku na giza. Kitabu cha Mwanzo kinaeleza kwamba giza lilitangulia, kisha likapewa mpaka na jina ndipo likawa usiku. Na Sura ya 28 ya Kurani inawauliza watu ni mungu gani mwingine angewaletea mwanga kama usiku ungefanywa wa kudumu hadi Siku ya Kiyama. Swali hilo lilipata mwili Kahama mwaka 2015, pale duara lilipoporomoka huko Nyangalata na wachimbaji watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wameishi kwa kula mizizi, wadudu na vyura, huku mwenzao mmoja akifia humo. Walichokipitia hakikuwa usiku mrefu, kwa kuwa usiku una ahadi ya kucha. Lilikuwa giza lisilo na mpaka, na kila anayepanga zamu za kushuka duarani anapaswa kujua kwamba anamtoa mtu katika mpangilio huo wa usiku na mchana.

Maumbile yenyewe yanasema nini? Watafiti waliowachunguza Wahadzabe, jamii ya wawindaji wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, upande wa mashariki wa ukanda huu, walichapisha mwaka 2017 matokeo yanayostahili kutafakariwa na wanatheolojia: kati ya watu wazima 33 waliofuatiliwa kwa siku takriban 20, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu, kwa sababu vijana huchelewa kulala na wazee huwahi kuamka. Hakuna aliyewapangia; tofauti za saa ya mwili, yaani mpangilio wa ndani unaoamua mtu asinzie lini, ziligawa ulinzi zenyewe. Kijana ambaye hapati usingizi hadi saa saba usiku, na ambaye nyumbani huitwa mvivu kwa sababu tu hushindwa kuamka na majogoo, anaweza basi kuwa amebeba urithi wa walinzi.

Wasukuma na Wanyamwezi waliufanya ulinzi huo kuwa taasisi. Sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka Kahama na maeneo jirani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, lilitegemea vijana wanaozunguka usiku na upinde na mishale, na likipigwa yowe la hatari kila mwanamume alitakiwa kutoka na kufuata nyayo. Ni kweli kwamba baadhi ya vikundi vilivuka mpaka, vikawatesa na kuwafukuza waliotuhumiwa uchawi bila kuwapa nafasi ya kujitetea, na hilo linathibitisha jinsi zamu isivyoweza kujitosheleza kwa nguvu tu. Hata hivyo kiini chake, kwamba usingizi wa kijiji ni mali ya pamoja inayolindwa kwa kupokezana, ni mafundisho ya maadili ya kiwango cha juu.

Kipimo hicho kinafaa kupelekwa kwenye karasha. Karasha ni mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, pipa zito la chuma lenye gololi ndani yake, linalozungushwa kwa injini au umeme. Na katika vituo vya uchenjuaji vya Nyarugusu au Rwamgasa, mwenye mawe huketi karibu na mifuko yake usiku kucha, tochi kichwani, kwa kuwa akisinzia mfuko mmoja unaweza kubadilishwa na mawe matupu. Asubuhi unga huoshwa kwenye mwalo, yaani ubao wenye mteremko uliotandikwa vitambaa vinavyonasa chembe nzito. Mtu huyu anakesha, tena kwa bidii inayostahili heshima, lakini kukesha kwake kumezaliwa na kutoaminiana, na mngurumo wa mashine unawanyima usingizi kina mama na watoto wachanga wa nyumba za jirani. Wenye makarasha wakikubaliana kuyasogeza mbali na makazi na kuajiri mlinzi mmoja anayeaminiwa na wote, mawe yatasagwa vilevile, na watu kadhaa watalala.

Upande wa ajira rasmi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na inamtaka mwajiri aongeze walau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi ya usiku. Nyongeza hiyo ni haki, ingawa ni ndogo ikilinganishwa na kinachotolewa: mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili miongoni mwa mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na lilithibitisha tena uamuzi kuhusu kazi ya usiku mwaka 2019. Mchimbaji mdogo, ambaye kwa kawaida hulipwa kwa mgawo wa mawe yakipatikana, hata hiyo asilimia 5 haimfikii. Nyumba za ibada za ukanda huu, zinazojua vema kuandaa mikesha ya maombi ya Ijumaa, zina wajibu wa karibu zaidi kwa watu hawa: kuweka ibada inayomfaa anayetoka kazini asubuhi, kuacha kumtangaza mtoro yule aliyelala mchana wa Jumapili, na kuwakumbusha wenye maduara na wasimamizi wa migodi wamuulize kila mfanyakazi saa ambayo mwili wake uko macho kabla ya kumwandikia zamu.