Mtu Kuitahini Kazi Yake Mwenyewe

Yafaa, msomaji, tuulize kama mtu aweza kuwa mtahini mwaminifu wa kazi ya mikono yake. Swali hili ni la kale, lakini huwajia upya vijana wajifunzao kuandika programu za kompyuta. Huambiwa kwamba kila sehemu ndogo ya programu iandikiwe majaribio, yaani maagizo mengine ambayo kompyuta huyafuata yenyewe kuikagua sehemu ile, bila kuchoka, kila mara ibadilishwapo.

Tuseme umeandika programu ya kutambua miaka yenye siku 366, ukaiagiza ikubali kila mwaka ugawanyikao kwa nne. Ijaribu kwa 2023 na 2024. Itajibu sawasawa, nawe utafurahi. Sasa iulize habari za 1900. Itasema ulikuwa na siku 366, kumbe ulikuwa na 365, maana mwaka ukamilishao karne haupewi siku ya ziada ila ugawanyike kwa 400, kama 2000. Je, majaribio yale mawili yalisema uongo? La, yalisema kweli. Lakini uliyachagua kama mdai achaguaye mashahidi miongoni mwa jamaa zake.

Wakubwa pia hupatwa na jambo hili. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, ikapasuka kabla ya dakika moja kwisha. Sehemu ya programu yake ilitoka katika Ariane 4, ambako ilitumika vema. Roketi mpya ilikwenda kwa kasi zaidi, na hesabu moja ya mwendo ikazidi 32,767, kiasi cha juu kilichowekewa nafasi. Sehemu ile haikujaribiwa kwa safari ya roketi mpya. Ilisadikiwa kwa sifa zake za zamani. Bahati njema, hapakuwa na abiria.

Baadhi ya mafundi huandika jaribio kabla ya programu, wakaliona kwanza likishindwa. Kent Beck wa Marekani aliieleza desturi hii katika kitabu chake cha mwaka 2002. Mimi sidhani ni sheria ya kila siku, lakini ina uaminifu ndani yake: jaribio lisiloweza kushindwa ni mlinzi aliyelala mlangoni.

Tena mwombe mwenzako wa darasani, asiyejua ulivyoandika, akuchagulie miaka ya kujaribia. Huenda akataja 2100.