Ramadhani 23: Habari ya Mbali Nayo Ina Mwenyewe



Ndugu zangu, wapenzi wa Yanga mtaikumbuka Oktoba 2022. Al-Hilal ya Sudan ilipata sare ya 1-1 Dar es Salaam, kisha ikawatoa kwao Omdurman kwa bao 1-0, mkaangukia Kombe la Shirikisho (mlikofika fainali, sawa, msinipigie simu). Januari 2025 Yanga ikaenda tena ugenini kwa Al-Hilal haohao, na safari hii ikashinda 1-0. Lakini mechi hiyo haikuchezwa Omdurman. Ilichezwa Nouakchott, Mauritania, upande wa pili wa Afrika kabisa, kwenye pwani ya Atlantiki. Wenyeji hawakuwa na pa kukaribishia mgeni.

Kati ya mechi hizo mbili ipo tarehe 15 Aprili 2023. Siku hiyo, ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani kama hili tulilomo, jeshi la Sudan na kikosi cha RSF walianza kupigana Khartoum, watu wakiwa wamefunga. Al-Hilal na mahasimu wao Al-Merrikh, wote wa Omdurman, wakaishia kucheza ligi ya Mauritania msimu wa 2024/25.

Mambo haya alinieleza kijana wetu mmoja anayejifunza utangazaji redioni. Viko vitu viwili vinavyomkosesha usingizi: vita vya nchi za mbali, na mpira wa mtaani kwetu. Mzee mmoja alimsema barazani: "Watu wanakufa, wewe unahesabu kona?" Kijana akanyamaza kwa adabu. Mzee wetu alikuwa na uchungu wa kweli, ila hapo hakumtendea haki. Bila huo mpira, wangapi kati yetu tungejua Omdurman iko wapi?

Kilichonishughulisha zaidi ni neno aliloniambia kijana mwenyewe. "Sheikh, nikikosea jina la mfungaji kwenye ndondo, hata futari sijamaliza, wameshafika mlangoni. Nikikosea idadi ya waliokufa Darfur, nani atanijia?"

Hapo ndipo penye mtihani. Mechi ya ndondo alikuwa anamuuliza refa, anawauliza makocha wote wawili, anarudia majina mara mbili. Ya Darfur alikuwa anaisoma kwenye simu na kuisukuma mbele kama ilivyo. Siku alipojiuliza swali hilo ndipo akaona kwamba uangalifu wake wote ulikuwa wa kuwaogopa majirani tu.

Sasa itazameni saumu. Unatawadha adhuhuri, maji yamo mdomoni, koo limekauka, na hakuna binadamu atakayejua ukimeza funda moja. Unayatema. Unamtemea nani? Aliyekuona hapo ndiye anayekuona unapobonyeza kutuma. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuihakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, na haikuweka sharti kwamba watu hao wawe wanatufahamu au wanajua tunapokaa.

Juzi kwenye kundi letu la msikiti ilizunguka video. Mtoto amebebwa kwenye vumbi, na maandishi yanasema ni El Fasher, ule mji wa Darfur uliozingirwa zaidi ya mwaka mzima kabla ya kutekwa na RSF Oktoba 2025. Kijana akaifuatilia. Kumbe ni ya Syria, ya miaka mingi nyuma. Alipowaambia, ndugu mmoja akamjibu: "Kwani El Fasher watoto hawafi? Picha si yao, lakini uchungu ni wao. Tatizo nini?"

Jamani, hoja hiyo tusiibeze. Aliyeitoa alikuwa analia. Lakini yule mtoto wa Syria alikuwa na jina, ana mama, ana mtaa wake. Tumemvua kifo chake tukamvika mwingine. Na mtoto wa El Fasher aliyekufa kweli hakupata hata picha, maana nafasi yake imeshakaliwa. Halafu siku akitokea mtu akaonyesha kwamba video ni ya zamani, atasema na mengine yote ya Sudan ni chumvi, na wenye kuua watapata pa kujifichia. Tutakuwa tumewatolea ushahidi sisi wenyewe, tena kwa nia njema.

Kijana akaniuliza: basi asubiri mpaka ahakikishe kila kitu, huku watu wanaendelea kufa? Hapana. Nikamkumbusha kazi yake mwenyewe. Mvua ikinyesha asimwone vizuri mfungaji, husema: goli limeingia, aliyefunga bado sijamtambua. Hanyamazi, wala habuni jina. Na vita avitangaze hivyohivyo: hili limethibitika, hili linasemwa tu, hili sijui. Wasikilizaji watamvumilia. Kwenye mpira mbona wanamvumilia?

Video ile nimeomba iondolewe kwenye kundi, na imeondolewa. Mchango wa ndugu zetu wa Sudan uko palepale. Mweka hazina anapokea kila siku baada ya tarawehe, mpaka usiku wa 27, inshaAllah.

Wabillahi tawfiq.