Deni la Mårbacka

Shamba likishauzwa, nani anaweza kusema bado ni lake? Mwenye hati, aliyelilima, au aliyezaliwa pale? Kwangu swali hili lina jina: Mårbacka, shamba la kale kule Värmland, Uswidi.

Mwandishi Selma Lagerlöf alizaliwa hapo 1858. Babake, Luteni Erik Gustaf, alipenda wageni na sherehe kuliko hesabu. Alifariki 1885, na miaka michache baadaye shamba likaenda kwa wengine. Selma alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana mjini Landskrona. Akaandika. 1907 akainunua tena ile nyumba. 1909 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka uliofuata pesa za tuzo zikarudisha ardhi.

Hadithi tamu, si ndiyo? Binti amekomboa boma la baba. Lakini mimi huwaza wale waliokaa pale katikati. Walilipa. Walilima.

Kwetu kipande cha shamba kiliuzwa nikiwa shule ya upili, karo ilipwe. Chuo nacho nikakiacha mwaka wa pili. Aliyenunua ana miparachichi inayozaa sasa, na mamangu bado anapaita "kule kwetu". Nikishika pesa kesho, nina haki gani kwake? Naona ni moja tu: kuuliza bei. Na yeye ana haki ya kukataa. Uchungu wangu ni wa kweli, lakini uchungu si hati, na jasho lake liko kwenye ule udongo sawa na la babu.

Tena hata Selma hakupata alichopoteza. Kati ya 1921 na 1923, msanifu Isak Gustaf Clason aliigeuza ile nyumba ya mbao kuwa jumba lenye nguzo. Ardhi ilirudi. Utoto haukuwa kwenye mkataba.

Nadhani alilijua hilo mapema. Katika hotuba yake ya Nobel alijiwazia akizungumza na babake marehemu, akimwambia ana deni kubwa: kwa wasimulizi wa zamani, kwa watu wa barabarani, kwa wasomaji. Atalilipaje? Baba hana jibu. Anafurahi tu kwamba bintiye amepata Tuzo ya Nobel.

Selma alifariki humo 1940, na kwa mapenzi yake nyumba ikafunguliwa kwa umma. Leo mgeni yeyote anaweza kuingia sebuleni. Kama kumiliki ni kubeba deni la waliotutangulia, basi labda linalipwa hivyo, kwa kuacha mlango wazi.

Aliyenunua kwetu bado anawaachia majirani wateke maji kwenye kisima alichochimba babu. Hilo linanitosha kumsalimia bila kinyongo.