Korti Ikifunga Mlango, Je, Ubaba Nao Umefungwa?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia uchumba, malezi na kusameheana. Leo tuguse jambo ambalo watu wa Kericho na Bomet hulitaja kwa sauti ya chini: amri ya korti inayomwambia mume asikanyage tena nyumba anamoishi mkewe na watoto. Wanaume wakizungumza juu yake, swali huwa, "Serikali yawezaje kuninyang'anya watoto wangu, nami nilitoa ng'ombe?" Wanawake nao huuliza, "Nikienda kortini, si nitakuwa nimevunja ndoa yangu?" Maswali haya yote mawili yana uchungu ndani yake. Tuyajibu bila hasira.

Sheria yasema nini?

Mwaka 2015 Kenya ilipata Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Dhuluma za Nyumbani. Haikutungwa kwa ajili ya wanawake peke yao. Mume anayeteswa naye aweza kuitumia. Na dhuluma si kipigo tu. Ni pia vitisho, matusi, kumfuatafuata mtu, kuharibu mali yake, kumlazimisha mwenzako tendo la ndoa, na kumnyima mapato anayostahili. Hakimu aweza kuamuru mkosaji atoke nyumbani hata kama nyumba ni yake. Hatari ikiwa karibu, hutolewa amri ya muda baada ya kusikizwa upande mmoja tu, kisha upande wa pili huitwa kujieleza. Anayeivunja atenda kosa la jinai, naye aweza kutozwa faini au kufungwa jela.

Hapo baba atasema, "Nimehukumiwa kabla ya kusikizwa!" Lakini hebu tufikiri. Nyumba ya jirani ikishika moto, watu hukimbia na maji kwanza; kuuliza ni nani aliyewasha huja baadaye. Amri ya muda ni maji. Hukumu huja siku ya kusikizwa, na siku hiyo baba afike, aseme yake na alete mashahidi wake. Anayekaa nyumbani kwa kununa asilalamike kwamba hakusikizwa.

Nyumba na bonasi

Katika nchi yetu ya chai jambo hili lina uzito wa pekee. Kwenye mashamba makubwa ya kampuni, nyumba za laini huenda pamoja na kazi. Ikiwa mwajiriwa ni mume, mke ajua kwamba mume akipoteza kazi, yeye na watoto watapoteza paa. Basi hunyamaza. Kwa wakulima wadogo wanaopeleka majani katika viwanda vya KTDA kama Kapkoros, Mogogosiek au Litein, malipo hufuata jina la mkulima aliyeandikishwa, na mara nyingi hilo ni jina la mume. Mke huchuna mwaka mzima, mvua na baridi. Bonasi ikifika kwenye mwezi wa Oktoba, kuna nyumba ambamo mama huona karatasi tu, pesa zikiwa zimekwisha mjini. Akiuliza, hujibiwa kwa kofi. Msomaji mpendwa, sheria imeliona kofi hilo, na imeiona pia ile bonasi iliyoliwa.

Haki hiyo ni ya nani?

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Baba husema, "Haki yangu kwa watoto." Lakini ukisoma Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 53, utaona kwamba haki iliyoandikwa pale ni ya mtoto. Mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi, na wajibu wa kumkimu ni sawa kwa mama na baba, wawe wameoana au la. Katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo hutangulia.

Haikuwa hivyo siku zote. Zamani ilikuwapo sheria iliyomruhusu mama asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto ili atoe matunzo. Bunge liliifuta mwaka 1969, na wanaume wengi walifurahi kutuliwa mzigo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 nayo ilimwachia mama mzigo huo kwanza, ikiwa wazazi hawakuoana. Ni Katiba iliyousawazisha, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikafuata. Tazama basi jinsi mambo yalivyo: baba alipoondolewa wajibu, sauti yake juu ya mtoto ilififia, wajibu uliporudishwa, sauti nayo ilirudi. Viwili hivi hutembea pamoja. Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Vipi kuhusu ng'ombe wa mahari? Mila ya Kipsigis iliwapa watoto ukoo na jina kwa njia ya mahari, nalo ni jambo jema la kuheshimiwa. Ng'ombe waliunganisha koo mbili. Hawakumpa mtu ruhusa ya kumuumiza binti wa ukoo ule mwingine, wala hawakumfanya mtoto kuwa mali.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: amri ya korti hufunga mlango wa nyumba, haifungi ubaba. Wajibu unabaki palepale, na baba anayeendelea kuutimiza akiwa nje ya mlango anaonyesha kwamba alikuwa baba kweli. Lakini asijidanganye kwamba alimpiga mama tu na watoto hakuwagusa. Mtoto anayelala akisikia mama yake akilia ukutani pale amepigwa pia.

Neno kwa akina mama

Nanyi akina mama, kinga isigeuzwe kuwa rungu. Ikiwa hatari ipo, nenda kortini bila kuona haya. Ikiwa hatari haipo, na shida ni hasira tu, au shamba, au mke wa pili, usimfiche mtoto ili baba yake aumie. Anayenyang'anywa hapo ni mtoto. Jiulize kwa ukweli: "Je, namkinga mwanangu, au namwadhibu baba yake?" Na shtaka la uongo huwadhuru akina mama wanaopigwa kweli, kwa maana wao nao hawataaminiwa.

Kuhusu ndoa, usiogope. Amri hii si talaka. Sheria ya Kanisa yenyewe humruhusu aliye katika hatari kubwa ya roho au mwili kuishi mbali na mwenzake. Na Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alifundisha kwamba mara nyingine kutengana huwa hata ni wajibu, ili kuwaokoa wanyonge wa nyumba na madhara makubwa.

Mashauri machache

1. Baba, tii amri kama ilivyoandikwa. Hata mke akikupigia simu na kusema, "Rudi, yamekwisha," usirudi. Amri ni ya korti, na korti ndiyo huiondoa. Mkipatana, nendeni pamoja mkamweleze hakimu.

2. Endelea kutunza. Karo na unga havihitaji upite mlangoni. Pesa hupita kwa M-Pesa. Ikiwa amri yakukataza kuwasiliana naye, omba korti ikuonyeshe njia nyingine. Weka kumbukumbu ya kila ulichotoa.

3. Wataka kuwaona watoto? Usiwavizie njiani watokapo shuleni. Mwone afisa wa watoto, uombe korti ikupe ruhusa ya kuwaona. Hakimu aweza kuagiza mkutane mahali pengine, mbele ya mtu mzima mnayemwamini wote.

4. Mama, usiwafundishe watoto kumchukia baba yao. Waambie ukweli kwa kipimo cha umri wao, kisha unyamaze.

5. Wazee wa kokwet na wasimamizi wa ndoa, hekima yenu yahitajika. Gawanyeni mazao, tulizeni koo, semeni na kijana juu ya pombe. Lakini msimrudishe mwanamke katika nyumba anayopigiwa kwa neno moja tu, "vumilia." Mwaweza kulisema tena kaburini pake.

Mpenzi msomaji, hasira hasara. Mtoto atakua, na siku moja atauliza, "Mlipogombana, mimi nilikuwa wapi?" Kila mzazi na aanze leo kutayarisha jibu ambalo hataona haya kulitoa.