SHUKRANI ISIYO NA MAJIVUNO

Masomo ya kusoma nyumbani: Marko 2:1-12 na Matendo 12:1-17



Wengi wenu mmesikia habari za kijana wetu aliyepasuliwa kichwa Kampala. Jumapili iliyopita baba yake alisimama kutoa ushuhuda, akalia, akaketi kabla hajamaliza. Ameniomba niumalizie hapa. Majina siyaandiki, ndivyo familia walivyotaka.

Kijana alikuwa Katwe, akitafuta maisha kama watoto wetu wengi waliotoka hapa Nakivale. Jioni moja boda boda aliyopanda iligongana na nyingine. Alianguka, akasimama, akajikung'uta vumbi, akasema kichwa kinauma kidogo tu. Akanunua vidonge, akalala. Usiku mwenzake wa chumba akasikia anakoroma vibaya. Alikuwa ametapika. Alipomwita, hakuitika.

Wazazi, naacha mahubiri kidogo niseme hili. Mtu akigongwa kichwa anaweza kusema vizuri kabisa kwa saa kadhaa, kumbe ndani mshipa umepasuka, na damu inajikusanya chini ya fuvu na kukandamiza ubongo. Akianza kutapika, kusinzia kupita kawaida, au mkono mmoja ukalegea, msingoje asubuhi. Msiseme amechoka, alale. Mpelekeni hospitali huku mnaomba njiani.

Sasa turudi kwenye Neno. Katika Marko 2 yule mgonjwa wa kupooza hasemi hata neno moja. Wanaomleta ni watu wanne, na imani ambayo Yesu aliiona ni pamoja na ile ya hao wabebaji. Marko hakuandika majina yao. Kijana wetu naye usiku ule hakuweza kuomba. Alibebwa. Wa kwanza ni mwenzake wa chumba. Wa pili ni mwendesha boda boda, ndugu Mwislamu, aliyeacha wateja wake akamshikilia mgongoni hadi Mulago na kukataa malipo. Wa tatu ni mama mmoja Mganda, muuza ndizi, aliyewaeleza wauguzi kwa Kiganda yale ambayo vijana wetu walishindwa kuyasema. Wa nne ni kijana wa kwaya aliyekuja kutoa damu. Huku kwetu akina mama waliopata habari kwa simu walikesha wakiomba, na baba akawa barabarani alfajiri kutafuta basi la Mbarara.

Picha ya kichwa ilionyesha damu. Kabla ya jua kutoka, madaktari walifungua fuvu na kuiondoa.

Na hao madaktari nao wana waliowabeba. Dkt. Jovan Kiryabwire, Mwuganda wa kwanza kuwa mpasuaji wa ubongo, alifanya kazi hiyo pale Mulago wakati wataalamu wa namna hiyo walikuwa adimu sana Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 2007 Dkt. Michael Haglund na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walileta Mulago vifaa na timu za wapasuaji, kisha wakasaidia kufundisha Waganda wenyewe. Mtu alipakia mashine kwenye kontena ng'ambo, bila kujua kwamba kuna mtoto wa mkimbizi. Anayesema kwamba kumshukuru daktari ni kupunguza utukufu wa Mungu, mimi simwelewi. Wale wanne walipanda juu ya nyumba wakabomoa paa kwa mikono yao, na Yesu hakuwakemea.

Lakini hapa ndipo baba alipokwama Jumapili, na hapa ndipo na mimi nilipata shida kuandika.

Kitanda cha jirani alilala mwanamume aliyeumia ajali ya namna ile ile. Mkewe alikuwa mwombaji kuliko sisi sote. Ndiye aliyemfundisha baba mahali pa kupata maji ya moto, ndiye aliyemgawia uji. Siku ya tatu kijana wetu alifungua macho. Usiku huo huo mume wa yule mama alifariki. Baba aliniambia: "Mchungaji, nilitaka kuimba, nikamwona anakunja blanketi la mumewe. Nikanyamaza. Je, nilimnyima Mungu sifa?"

Nilimjibu kwa Matendo 12. Sisi hupenda kuanzia pale malaika anapomtoa Petro gerezani. Lakini mwanzoni mwa sura hiyo hiyo Herode anamuua Yakobo kwa upanga. Mtume mmoja ameuawa, mwingine amefunguliwa, na Luka haelezi kwa nini. Hasemi Yakobo alikuwa na imani haba. Hasemi kanisa lilisahau kumwombea.

Sisi tuliovuka Bunagana tunalijua jambo hili vizuri. Tulikimbia barabara moja, tukiliita Jina moja. Wengine tuliwazika njiani, na wengine hata kuwazika hatukuweza. Nani kati yetu atathubutu kusema aliwazidi imani? Kwa hiyo nasema kwa upole, ushuhuda wa kwamba "Mungu alitusikia kwa kuwa tuliomba sana" unamchoma mjane aliyeketi benchi la nyuma. Tuseme tu kwamba tumepewa, na hatukustahili. Nilimwambia baba kwamba kunyamaza kwake pale kitandani kulikuwa sifa pia.

Kijana amerudi. Anatembea. Mkono wa kushoto bado mzito, na mara nyingine anatafuta neno dogo kama "kikombe" hadi machozi yanamtoka. Msimkimbilie kumsemea, mpeni muda. Deni la nauli na dawa bado lipo. Wazee wa kanisa wataeleza.

Jumapili ijayo familia wataleta sadaka ya shukrani, mahindi na kuku mmoja. Wameomba kwamba katika maombi hayo hayo tumtaje na yule mama wa kitanda cha jirani, pamoja na watoto wake. Nimekubali.

Wenu katika Bwana,
Mchungaji