Homa Isiyoandikwa

Baray iko bondeni, wilayani Karatu, jirani na Ziwa Eyasi, kwenye joto, vitunguu na mifugo. Benchi la zahanati ya bonde hilo linaweza kukaliwa asubuhi moja na Mdatoga mwenye ng'ombe, Mwiraqw mwenye shamba, Mhadzabe aliyetoka porini na kibarua aliyefuata mavuno kutoka mkoa mwingine. Kila mmoja ana lugha yake ya nyumbani, na wote wanalalamikia homa. Tabibu akiiuliza akili mnemba juu ya homa hizo, mashine inakuwa inajua nini hasa?

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanyika Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, 528 waliandikiwa malaria. Maabara ilipochunguza, malaria ndiyo iliyowaumiza watu 14 tu. Baadhi walikuwa na magonjwa ambayo hayakutajwa kabisa kwenye faili zao: leptospirosisi, homa ya Q, bruselosisi, magonjwa yanayotoka kwa wanyama tunaoishi nao.

Sasa chukua faili za namna hiyo, za miaka mingi, uzitumie kuifundisha mashine. Itajifunza kwa bidii kwamba homa ya kaskazini mwa Tanzania ni malaria. Hesabu zake zitakuwa sahihi, na mgonjwa atakuwa amekosewa. Kipimo cha haraka cha malaria kimeturekebisha sana, ni kweli, ila kikisoma hasi hakisemi ugonjwa ni upi.

Ndiyo maana nasita ninaposikia elimu ya akili mnemba kwa watumishi wa afya ikielezwa kana kwamba ni kujua kubonyeza na kupanga swali vizuri. Kwanza ni kujua kwamba jibu limetoka kwenye maandishi ya watu, na kwamba maandishi hayo yaliandikwa na mtu aliyechoka, foleni ikiwa imefika nje ya mlango.

Maana ya homa haimo kwenye kipimajoto. Nyuzi 39 za mchungaji aliyemsaidia mbuzi kuzaa majuma mawili yaliyopita, na nyuzi 39 za kibarua anayelala shambani bila chandarua, ni namba moja yenye habari mbili. Habari hizo hazijulikani mpaka mtu aulize. Na pengine anayetafsiri ni mjukuu, na kuna mambo bibi hawezi kuyasema mbele ya mjukuu wake. Kinachoingia kwenye kompyuta ni mabaki ya mazungumzo hayo.

Siidharau mashine. Mwaka 2025, vituo vya Penda Health vya Nairobi pamoja na OpenAI vilitoa matokeo ya mahudhurio 39,849. Matabibu waliosaidiwa na programu ya akili mnemba iliyokagua kazi yao kwa rangi ya kijani, njano au nyekundu walipunguza makosa ya kutambua ugonjwa kwa asilimia 16. Uamuzi ulibaki mikononi mwa tabibu, na tofauti ilionekana zaidi baada ya wenzao kuwafundisha na kuwafuatilia kwa karibu. Programu peke yake haikutosha.

Wanafunzi ndio wanaonipa wasiwasi zaidi. Tabibu aliyegusa matumbo mengi ana pa kusimama anapotaka kubishana na skrini. Mwanafunzi bado hana. Akisema "ndiyo" kwa sababu hana msingi wa kusema "hapana", hiyo "ndiyo" yake haina uzito wowote, nayo itakwenda kwenye faili kwa jina lake, na kesho itakuwa somo la mashine nyingine.

Ningependa mwanafunzi, akiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, aandike dhana yake na sababu zake kabla ya kufungua simu. Kisha asome jibu la mashine, arudi kwa mgonjwa na kumuuliza lile swali linalotenganisha majibu hayo mawili. Na kitabu cha MTUHA, kile cha kumbukumbu za wagonjwa kituoni, kiwe na mahali pa kuandika "homa, chanzo hakijajulikana", bila msimamizi kumuuliza mtu kwa nini hakujaza ugonjwa.